Neno Alilolitunga Mika

Esteria alilisikia neno lile siku ya Jumatano, pale malori yanaposimama Makambako, akiwa amepanga viazi vyake mafungu mafungu juu ya gunia. Watoto walikuwa wakicheza nyuma yake. Mmoja alikuwa amejilaza kwenye majani, kimya, na mwenzake anamwita kwa jina. Aliita mara tatu. Yule aliyelala hakuitika, na kundi zima likapiga kelele kwa furaha.

"Amepiga bwende! Huyo amepiga bwende!"

Kiazi alichokuwa amekishika Esteria kilimdondoka.

Neno hilo halikuwa la Kibena. Halikuwa la Kiswahili wala la Kizungu. Lilikuwa la mwanawe Mika, aliyelitunga mwenyewe akiwa na miaka saba. Asubuhi za baridi, alipoitwa kwenda kuchunga mbuzi, alijifunika blanketi, akafumba macho, akapumua polepole kama mtu aliyezama usingizini, huku masikio yake yakichota kila linalosemwa ndani ya nyumba. Akigunduliwa alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Nilikuwa nimepiga bwende, mama!" Hakuna aliyejua amelitoa wapi. Nyumba nzima ililizoea, lakini halikupata kuvuka ua wao kule Kitandililo.

Na huyo Mika, sasa ni mwaka wa tatu hajulikani alipo.

Aliondoka mwaka wa arobaini na tisa kwa lori la manamba, pamoja na vijana wengine walioandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga. Barua mbili zilifika. Baada ya hapo, kimya. Alimwacha mkewe Dorika, msichana wa miaka ishirini, nyumbani kwa mama mkwe.

Jioni moja ya wiki iliyotangulia, Dorika alikuwa amezungumza. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso.

"Mama, mwinjilisti ameanza kuandika majina."

Esteria alijua ni majina gani. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, Mwinjilisti Gideoni husoma kanisani majina ya waliolala, pamoja na wale ambao habari zao zimechelewa kufika. Jina likisomwa, mzazi wa marehemu husimama, au ndugu wa karibu kama mzazi hayupo. Asiposimama, mwinjilisti haendelei na jina la pili. Yakiisha, msiba umefungwa, na mjane ni mjane mbele ya watu wote. Lakini jina halisomwi bila shahidi.

"Mika hakufa," Esteria alisema.

"Sijasema amekufa, mama. Nauliza tu mimi ni nani. Mke si mke, mjane si mjane. Nikichota maji kisimani wanawake wananyamaza."

"Punguza sauti."

"Kwa nini? Tuko wawili humu."

Esteria aliutazama mlango wa chumba cha Mika. "Anasikia," alisema.

Tangu siku hiyo Dorika alihamishia mkeka wake jikoni.

Esteria hakuwa amesema kwa kutisha. Kila alfajiri, kabla ya sala yake, alikuwa akisimama kwenye mlango ule na kuita, "Mika." Kisha alisubiri. Kimya kilichomjibu hakikuwa kimya cha chumba kitupu. Yeye alikijua kimya cha chumba kitupu, marehemu mumewe alikuwa amemwachia kimoja. Hiki kilikuwa kimya cha mtu aliyebana kicheko. Alikuwa akirudi kwenye kitanda chake na kupiga magoti, na hata katikati ya Baba Yetu sikio lake moja lilibaki kule.

Kwa hiyo Jumatano ile, aliposikia watoto, aliviacha viazi, akamshika mkono binti mmoja aliyeitwa Fidelia, mtoto wa jirani yake sokoni.

"Neno hilo mmelipata wapi?"

"Lipi, mama?"

"Hilo bwende."

Watoto waliangua kicheko. "Mama halijui! Kila mtu analijua."

"Haya, maana yake nini?"

"Ukiitwa usiitike," Fidelia alieleza, kwa uvumilivu wa mwalimu. "Basi, umepiga bwende."

"Mtu anayejifanya amelala?"

"Si lazima alale. Hata akiwa amesimama. Asiyeitika tu."

Esteria aliliona neno limebadilika, kama mtoto aliyelelewa nyumba ya wengine akarudi na tabia ngeni. "Na nani kawafundisha?"

Walimwonyesha kwa vidole. Juu ya magunia ya lori la Njombe alikuwa amekaa kijana aliyevaa kofia kombo, anakula muwa. Huyo ni Lameki, mpakia mizigo.

"Shikamoo, mama. Leo viazi umeviachia kuku?"

"Marahaba. Shuka, nina neno na wewe."

Lameki aliruka chini. Alipoulizwa alijitutumua, kwa kuwa ni nadra mtu mzima kumuuliza kitu. "Sisi vijana wa barabarani tuna maneno yetu, mama. Wazee mkisikia mnadhani mnatukanwa. Simenti, kwa mfano, ni ugali wa kambini, kwa vile ukipoa haukatiki. Bibi harusi ni blanketi, maana wengine ndiye mke wao wa pekee." Alicheka peke yake. "Sasa bwende ni la kwenye mkonge. Nyapara anaita majina asubuhi, wewe umejifunika, husikii, hutikisiki, huendi kazini. Umepiga bwende."

"Nani alikuambia?"

"Kuna mtu alirudi mwaka jana kutoka Tanga, tulisafiri lori moja. Anakaa Mjimwema kule Njombe, anachuna maganda ya miti ya miwati. Jina lake silijui. Sisi tunamwita Bwende."

Esteria alishika ubavu wa lori. "Ni mtu wa namna gani? Anacheka sana?"

"Anacheka? Huyo? Sijamwona akicheka hata siku moja."

Hapo ndipo alipaswa kusimama na kufikiri. Lakini miaka mitatu ilikuwa imemjaa kifuani, haikuacha nafasi ya kufikiri. Alisikia jambo moja tu: yupo mtu Njombe, ametoka Tanga, na jina lake ni neno la Mika.

Hakumwambia Dorika. Ijumaa alipanda lori la Njombe akiwa na koti la Mika aliloliosha na kulikunja, na njia nzima, kila lori liliporuka kwenye makorongo, aliomba sala ileile. Bwana, kama ni yeye, sitamuuliza alikuwa wapi. Sitamuuliza kitu chochote.

Mjimwema kulikuwa na ukungu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha asubuhi na miwati ilikuwa ikidondosha matone. Nje ya nyumba ya mwisho alimkuta mwanamke, Oktavia, anafunga maganda kwa kamba.

"Kamwene."

"Kamwene, mama. Karibu."

"Namtafuta mtu aliyetoka kwenye mkonge. Wanamwita Bwende."

Oktavia aliacha kufunga. "Huko barabarani wanamwita hivyo? Hapa hatulitaji. Ni mume wangu. Yuko msituni, anakuja sasa hivi."

Mume wangu. Hata hilo Esteria alilipitisha kooni. Mtu aweza kuoa ugenini, atasamehewa. Aligeuka kuelekea kwenye miti, na ndani ya ukungu akaona mtu mwembamba, mzigo kichwani, anakuja polepole. Mwendo ulikuwa wa Mika. Urefu ulikuwa wa Mika.

"Mika!" aliita.

Yule mtu alisimama. Hakuitika.

"Mika!"

Mzigo ulianguka. Yule mtu alikaa chini pale pale kwenye matope, na Esteria alipomkaribia aliona uso asioujua.

"Wewe ni mama yake," yule mtu alisema. "Una macho yake."

Aliitwa Tarsis. Alikuwa amelala ubavuni mwa Mika mwaka mzima, vitanda vyao vya mbao vikigusana. Alisimulia akitazama mikono yake.

"Neno hilo alitufundisha yeye, mama. Hakuna aliyemshinda. Nyapara ataita, ataita, yeye kimya, pumzi ya mtoto mchanga. Sisi tunaitika kwa niaba yake, 'Kaenda chooni, bwana!' Jioni tunacheka mpaka simenti inatupalia. Kambi nzima ikalijua. Wamakua, Wanyamwezi, wote wakawa wanasema bwende. Wiki ile alisema kichwa kinamuuma. Tukamwambia, sasa umeanza mapema. Asubuhi jina lake likaitwa. Kimya. Likaitwa tena. Nyapara akauliza, 'Huyu vipi?' Nikasema mimi, mama. Mdomo huu. Nikasema, 'Mwacheni, amepiga bwende.' Watu wote wakacheka. Siku hiyo hata nyapara alicheka. Tukaenda shambani."

"Kisha?"

"Nilirudi saa tisa. Alikuwa vilevile, kama tulivyomwacha. Nikamwambia, inuka, umeshinda. Nikamvuta blanketi."

Matone yalidondoka kwenye majani. Oktavia alikuwa amesimama mbali, amejiziba mdomo kwa khanga.

"Asubuhi alipoitwa," Esteria aliuliza, "alikuwa hai?"

"Sijui. Hilo ndilo linaloniamsha. Sikumgusa."

Huenda alikuwa akisikia. Esteria aliliona jambo hilo likisimama mbele yake, wazi kuliko mti: mwanawe amefumba macho, homa imemfunga ulimi, anasikia jina lake, anasikia kicheko, anasikia miguu ikiondoka. Mkono wake uliinuka kumpiga yule mtu. Ulibaki juu. Alijaribu kusema sala ile aliyosema kila siku tangu utoto, na alipofika kwenye kusamehe waliotukosea maneno yalimkwama.

"Kwa nini hukuja kutuambia?"

"Nilikuja. Mara mbili nilifika Makambako. Nilikuwa nimemtajia Lameki neno hilo kwenye lori, aliponiuliza wanasemaje kambini; nililitaja mara moja tu. Niliposhuka mara ya pili, watoto walikuwa wanalipigia kelele barabarani. Nikageuka."

"Mlimzika?"

"Nyuma ya kambi, kwenye udongo mwekundu. Mimi ndiye niliyeongoza sala. Nilisema za kwetu za Kikatoliki, zenu sikuzijua."

"Mungu anazijua zote," Esteria alisema, akashangaa kuwa sauti ile ilikuwa yake. Mkono ulishuka. "Kesho utakuja nami Kitandililo. Utayasema haya mbele ya mwinjilisti. Yote."

"Na mkewe atakuwepo?"

"Atakuwepo."

Jumamosi mchana walikaa ndani ya nyumba ya Esteria: Mwinjilisti Gideoni na daftari lake, Tarsis kwenye kigoda, Dorika mkekani karibu na mlango. Tarsis alisema alikuwa kambi moja na marehemu, akataja mwezi na mwaka.

"Alikufa kwa homa," alisema, akaishia hapo.

Gideoni aliandika. Alikuwa mzee mwenye mwandiko wa taratibu. "Nani alikuwa naye?"

Tarsis alimtazama Esteria. Ingekuwa rahisi. Esteria angesema, inatosha, Mwinjilisti, na daftari lingefungwa, na Dorika angepata usingizi. Esteria alizitazama mbao za mlango wa chumba cha Mika. Hakumsaidia Tarsis.

Basi Tarsis aliyasema mwenyewe. Alipomaliza, kalamu ya Gideoni ilikuwa imesimama.

"Mlicheka?" Dorika aliuliza.

"Tulicheka, dada."

Dorika aliinuka akatoka nje. Walisikia mlango wa jiko. Aliporudi alikuwa na bakuli la maji ya kunawa. Alipiga magoti mbele ya Tarsis akamshikia. Maji mengine yalilowesha mkeka.

"Chakula kiko tayari," alisema.

Kesho yake kanisa lilijaa. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na Tarsis nyuma kabisa, hajui wakati wa kusimama wala wa kukaa. Gideoni alianza kusoma. Bibi mmoja wa Kidugala. Mtoto wa siku nane. Mzee aliyekuwa mpiga kengele. Kila jina, mtu alisimama, akakaa.

"Mika, mwana wa Danieli na wa Esteria."

Dorika alisimama. Esteria hakusimama. Alikuwa amejiandaa, viganja viko juu ya benchi la mbele, lakini miguu ilikataa. Jina lile lilikuwa limeitwa kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote, na yeye alikuwa anasubiri. Mwili wake wote ulikuwa sikio. Alijua kwamba akisimama, kusubiri kumekwisha. Alijua pia kwamba hakuna duniani mtu mwingine anayemsubiri mtoto huyu, na akiacha yeye, basi.

Gideoni hakuendelea. Mtu alikohoa. Mtoto alilia akanyamazishwa. Mvua ilianza kugonga bati, nyepesi, halafu nzito, na mwinjilisti bado alikuwa ameweka kidole chake kwenye daftari, macho chini, kama mtu mwenye siku nzima ya kungoja. Dorika alimnyooshea mkono. Esteria hakuushika.

Aliomba bila maneno, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Kisha alilisukuma benchi kwa viganja vyake viwili, magoti yakalia, akasimama wima peke yake.

Gideoni alisogeza kidole chake chini, akasoma jina lililofuata.