Kwa Nini Mama Yule Alifunga Mlango

Chumba cha kukunjia mashuka kilikuwa na vyama viwili, na wala havikuwa vya siasa. Chama cha kwanza kilisema mama wa kwenye filamu alifunga mlango kwa aibu. Cha pili kilisema alifunga kwa mapenzi. Kiongozi wa chama cha pili, na mara nyingi mwanachama wake pekee, alikuwa Mama Chiriku.

Filamu yenyewe ni ya zamani, ya pepo, inaitwa Kufuli. Wengi wao waliiona wakiwa wasichana, wakalala na taa wiki nzima. Sasa walikuwa watu wazima, wafanyakazi wa kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli, na kila mapumziko ya mchana waliiweka kwenye televisheni ndogo iliyokaa juu ya kabati la sabuni. Diski ilikuwa imekwaruzika hata pepo mwenyewe alikuwa na kigugumizi.

Kisa chake ni hiki. Binti wa mjane mmoja anaingiwa na pepo. Anaanza kwa kukodoa macho, anaitwa haitiki. Baadaye anaongea kwa sauti ya mzee. Mama yake anamfungia chumbani na kutia kufuli kwa nje. Daktari akibisha hodi anaambiwa binti amesafiri. Yaya anamshika binti mkono, pepo anamrukia naye. Mwisho mtoa pepo anaitwa, mlango unavunjwa, na waliouvunja wamechelewa. Hayo hakuna aliyeyabishia. Kilichobishaniwa ni moyo wa yule mama.

"Aibu tu, hamna kingine," alisema Shangazi. Huyu hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Jina alilipata kwa umri wake na kwa mdomo wake. "Mjane, nyumba nzuri, wageni wa maana. Atawaambia nini? Karibuni chai, binti yangu ana jini?"

"Na daktari angemfanya nini pepo?" Mama Chiriku akajibu. "Angempiga sindano?"

"Angalau angejua."

"Kujua kwa watu ndiko kulikompa pepo nguvu. Umesahau pale jikoni, mpishi alipomtaja tu, sahani zikaanza kuruka? Mama aliliona hilo. Akanyamaza ili amlinde mwanawe."

"Unamtetea kama dada yako wa tumbo moja."

Shuka la kitanda kikubwa hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnalinyoosha, mnakwenda mbele mpaka mkutane. Mmoja anapokea pembe za mwenzake, mwingine anainama kuokota mkunjo wa chini, kisha mnarudi nyuma tena. Kwa hiyo ubishi wa mle ndani ulikuwa na mwendo wake. Maneno makali yalisemwa wakikutana, pua kwa pua, na jibu lilitafutwa wakiachana.

Dereva wa gari la nguo hakuwa na chama. Walimwita Steringi, kwa sababu kila filamu aliipima kwa sheria moja, kwamba steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Kufuli ilimtesa. "Mtoto kafa, mtoa pepo kafa, yaya kafa," alisema akipakua vikapu. "Aliyebaki mzima ni pepo. Basi steringi ni pepo, na huyo mama ni mtu wake. Mnabishana nini?"

"Wewe endesha gari," walimwambia wote, vyama vyote viwili.

Chiriku alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Chiriku, yuko darasa la tano. Walimpa jina hilo kwa sababu aliamka anaongea na kulala anaongea, na akiumwa mafua aliongea kwa kuandika. Hivyo siku aliponyamaza katikati ya maneno, mama yake alishtuka kuliko ambavyo mama mwingine angeshtuka. Walikuwa wanaosha vyombo. Mtoto alikuwa anaeleza habari za rafiki yake aliyepoteza kiatu, akafika kwenye kiatu, akakoma. Macho yakaganda kwenye ukuta. Midomo ikawa inatafuna kitu kisichokuwepo, na vidole vya mkono wa kulia vinanyofoa gauni kama vinaondoa nyuzi. Mama akamwita. Hakuitika. Halafu akarudi, akauliza, "Nilikuwa nasema nini?"

"Umechoka," mama akasema. "Nenda kalale."

Hali ikajirudia kwenye meza ya chakula. Ikajirudia mtoto akiwa anafunga kamba za viatu. Mtu mwingine pengine angekumbuka jambo alilosikia kwa muuguzi au kwenye redio. Mama Chiriku alikumbuka Kufuli. Mle, kabla ya ile sauti ya mzee, yalitangulia macho. Akaanza kuisubiri sauti. Mtoto akiwa chumbani alimwita kwa kisingizio chochote, lete ufagio, umeona miwani yangu, ili tu asikie akiitika kwa sauti yake ileile.

Baba mtu alifanya kazi mbali na alipiga simu mara kwa mara. Aliambiwa mtoto hajambo. Mwalimu wa darasa aliagiza mzazi afike shuleni, kwamba mtoto siku hizi anapotelea mawazoni na akiguswa hasikii. Mama alijibu kwamba mtoto anachelewa kulala, atamkanya. Alisema kwa adabu na mwalimu akaridhika.

Wewe mama unayesoma, usije ukasema huyu alikuwa mjinga au hana huruma. Alimkagua mwanawe akilala. Alimchagulia upande wa kitanda ulio mbali na ukuta, asije akajigonga. Hakuna alichokiacha ila kimoja, kusema.

Na kazini mambo yalikuwa yamemfunga zaidi. Angemweleza nani? Kila siku alikuwa amesimama mbele ya wenzake akimtetea mama wa kufuli. Akifungua mdomo leo kwamba mwanangu anakodoa macho, Shangazi angesema kumbe mwenzetu ulikuwa ukijitetea mwenyewe. Kwa hiyo alizidi kubisha. Aliongeza hoja mpya, akakumbusha matukio ambayo wengine walikuwa wameyasahau, jinsi mama alivyokaa nje ya mlango akiimba, jinsi alivyomsukumia mtoto chakula kwa mwiko mrefu. Hata Mama Foronya, mpiga pasi wa foronya ambaye hakupenda ubishi, alianza kuyumba.

"Ile ya kuimba ilinigusa," alikiri. "Mwenye aibu haimbi."

"Mwenye aibu ndiye anayeimba," Shangazi akasema, "ili majirani wasisikie kilichomo."

Ikafika siku ambayo mahoteli yote yaliamua kuchafuka pamoja. Vikapu vilijaa mpaka mlangoni. Mkunjaji mmoja alikuwa mgonjwa, na Chiriku, aliyepita pale akitoka shule, akapewa pembe mbili za shuka akabiliane na mama yake. Aliifanya kazi kama mtu mzima, na mdomo wake haukupumzika. Alikuwa anamweleza Shangazi kwamba yeye kwenye Kufuli anamwonea huruma pepo, kwa sababu kafungiwa chumbani na mtoto anayelia.

"Chama cha tatu hicho!" Shangazi akacheka. "Chukueni kadi."

Walinyoosha shuka. Mama akaenda mbele. Mtoto hakwenda.

Mama aliyaona macho kabla ya mtu mwingine yeyote. Shuka lilikuwa limetandazwa kati yao, jeupe, na nyuma ya mtoto, kwenye meza ya Mama Foronya, pasi ilikuwa imesimamishwa, uso wa chuma ukielekea upande wao. Angeweza kuliachia shuka. Aliwaza, itapita, huwa inapita. Akalivuta taratibu, akalitikisa kidogo, kama vile kazi inaendelea na wanatafuta mikunjo. Wenzake walikuwa wanaongea. Ilibaki kidogo tu wasijue.

Kule kuvuta kukalitoa shuka kwenye vidole vya mtoto. Akayumba, akarudi nyuma hatua, mkono wa kulia ukatafuta pa kushika.

"Tazameni macho!" Mama Foronya akapiga yowe, akaruka pembeni. "Macho! Ni kama yule!"

"Msimshike!" Steringi akapaza sauti kutoka mlangoni, na hakuna aliyemuuliza kwa nini, kwani kila mtu mle ndani alimjua yaya na yaliyompata. Wakarudi nyuma wote. Watu wazima, wenye watoto na wajukuu, wakajibanza kwenye vikapu vya nguo chafu.

Mama naye alisimama. Hilo ndilo lililokuja kumnyima usingizi. Yeye hakumwogopa mwanawe. Alisimama kwa sababu, kama angekimbia palepale, wangejua kwamba alikuwa anajua. Alisimama ili ashangae kama wenzake. Muda huo wote kiganja cha mtoto kilikuwa kimelalia uso wa pasi, na mtoto hakulia, hakukitoa, anatafuna hewa.

Harufu ndiyo iliyomtoa pale. Alivuka, akamkumbatia mwanawe na kumvuta. Mtoto akarudi mikononi mwake, akautazama mkono wake, na hapo ndipo kilio kilipoanza.

Sauti ilikuwa yake ileile.

Waliuweka mkono chini ya bomba la maji baridi, kisha Steringi akawapeleka hospitali na gari la nguo. Shangazi alipanda bila kuulizwa. Alimpakata mtoto, akaushika mkono usioungua kwa mikono yake miwili, hakuuachia mpaka walipoitwa ndani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye macho ya kuchoka. Aliusafisha mkono na kuufunga. Akasema kidole cha shahada na cha kati vimeungua sana, huenda visinyooke vizuri tena, tutaona. Kisha akauliza, "Mtoto mkubwa hivi anawekaje mkono kwenye pasi bila kuutoa?"

"Sikusikia," Chiriku akasema.

Daktari akamgeukia mama. "Huwa inamtokea? Tangu lini?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, fupi, leo ndiyo mara ya kwanza. Shangazi alikuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, akitazama sakafu. Hapo Mama Chiriku akajua kwa nini mama yule alifunga mlango. Hakikuwa chama chake kilichoshinda, wala cha Shangazi. Sababu ilikuwa ndogo hata haifai kuwekwa kwenye filamu. Siku ya kwanza alisema mtoto amechoka. Siku ya pili alitaka neno la siku ya kwanza libaki kuwa kweli. Baada ya hapo kila siku iliongeza uzito juu ya mlango, na kufuli likaja mwishoni, kama mtu anayepiga mhuri kitu kilichokwisha kuamuliwa.

"Tangu shule zilipofunguliwa," akasema.

Shangazi akainua uso. Alisogea tu kwenye benchi, akaacha nafasi.

Mama hakukaa. Alieleza amesimama. Alieleza vyombo, meza ya chakula, kamba za viatu. Midomo inavyotafuna, mkono unaoanza, jinsi mtoto anavyorudi amechanganyikiwa na kuomba maji. Alieleza na ujumbe wa mwalimu na jibu alilompa. Daktari aliandika. Mwishowe akasema hii inaelekea kuwa kifafa. Watu hudhani kifafa ni kuanguka na kutoa povu tu, lakini kipo cha namna hii, cha kukodoa. Hakiambukizi kwa kushikwa. Atapimwa, kuna dawa za kila siku, na watoto wengi zinawatuliza. Ikimtokea tena, mwondoeni taratibu penye moto, maji na ngazi, mkae naye mpaka arudi.

"Mngekuja mapema," akasema, si kwa ukali, huku akiandika jina la dawa.

Chiriku alikuwa amenyamaza muda wote, na safari hii haikuwa ile ganzi. Alikuwa anasikiliza.

"Kumbe huwa natafuna?" akauliza.

"Huwa unatafuna," mama akasema.

"Na nanyofoa nguo?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia? Mimi nilikuwa nafikiri watu wanaruka maneno. Nilikuwa nafikiri mwalimu anasoma vibaya."

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Niliogopa," mama akasema.

Mtoto akalipima jibu hilo. Kisha maswali yakaanza kumwagika, kama ikimtokea darasani nani amshike, kama inauma akiwa hajui, kama kidole kikipinda ataandika na upi, kama baba ameshaambiwa. Mama akavuta kiti, akakaa mbele yake, akayajibu yote, na pale alipokuwa hajui akasema hajui.