Pakiti za Suemy

Nidia Canché alikuwa akiuza tortiya, ile mikate myembamba ya mahindi, pamoja nami katika kiwanda kidogo cha Don Ermilo, hapa Kanasín kando ya jiji la Mérida, na kila daktari aliyemwona alimwambia aache kula tortiya. Mwaka mzima siku zake za hedhi zilikuja mara mbili, pengine mara moja. Kidevuni zilimwota nywele ngumu, akawa anazing'oa kila alfajiri kwa kibano kabla ya kuja kazini, na joto la mashine likishampata, ngozi inawaka nyekundu mbele ya wateja. Daktari wa kwanza alimwambia ana vifuko vingi kwenye ovari, homoni zimevurugika, apunguze uzito. Wa pili akamwambia apunguze uzito. Wa tatu alimwuliza kama anataka mtoto. Aliposema hajaamua, akaambiwa arudi akishaamua, na kwa sasa apunguze uzito.

Kwa hiyo aliposikia kliniki moja ya Mérida inatafuta wanawake wa kujaribu unga wa lishe kwa ajili ya ugonjwa huo, alijiandikisha siku ileile. Akamvuta na binamu yake Suemy, ambaye naye anaumwa hivyohivyo. Waliishi ua mmoja, nyumba mbili zinazotazamana, jiko moja.

Daktari Zaldívar, mama aliyesimamia utafiti, aliwaeleza mambo bila kuficha. Baadhi ya wanawake wangepata unga wenye dawa, wengine unga usio na kitu, na yeye mwenyewe hajui nani kapata upi. Pakiti moja kila asubuhi kwenye glasi ya maji, kwa miezi sita. Kila mtu alipewa boksi lenye namba yake, lakini pakiti za ndani zilikuwa nyeupe tupu, zote sura moja. Wakapewa pia daftari la kuandika siku za damu, chunusi, nywele, uzito, hata hasira.

Mwezi wa pili wa utafiti siku za Suemy zilikuja. Mwezi wa tatu zikaja tena, tarehe karibu ileile. Suemy akawa anaimba jikoni. Alimwambia Nidia asikate tamaa, kila mwili na mwendo wake, na kwa nia njema kabisa akamwonyesha shavu lake lilivyosafika.

Daftari la Nidia lilikuwa na neno moja kila ukurasa: hakuna. Huko kliniki nesi alimtoa damu, akamwuliza kama kweli anakunywa kila siku. Swali lile lilimchoma. Alikuwa hajaruka hata asubuhi moja. Alikuwa ameacha soda, ameacha mkate mtamu, hata maharage na nyama ya nguruwe, chakula chetu cha kila Jumatatu, anakula nusu bakuli huku sote tunamtazama. Kazini aliniambia, "Mimi wananinywesha unga mtupu, mwenzangu. Suemy ndiye kapewa dawa. Najua kama ninavyojijua."

Alichofanya baadaye sikukijua mpaka aliposema mwenyewe. Asubuhi moja Suemy akiwa anaoga, Nidia alifungua maboksi yote mawili pale kwenye rafu ya jikoni, akahamisha pakiti. Za Suemy akazitia kwake, zake akazitia kwa Suemy. Mwezi uliofuata walipoleta maboksi mapya, akafanya hivyohivyo. Alikuja kunieleza kwamba alifanya kama mtu anayepanga vyombo, na kwamba hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Akanywa za binamu yake wiki saba. Hakuna. Nywele zilezile, kibano kilekile.

Kisha mwezi wa tano wa utafiti siku za Suemy hazikuja. Alingoja wiki, akangoja ya pili, akapima mimba, hana. Akaacha kuimba. Jumatatu moja tuko mezani kwao, mimi nimealikwa, Suemy akasukuma bakuli lake akasema, "Nilijua tu. Mwili huu ukikupa kitu, ujue utakuja kukudai."

Nidia aliweka kijiko chini. Akasema yote, kuanzia rafuni, bila kuinua macho. Mimi nilitamani kuondoka lakini nilikuwa nimekaa upande wa ukutani.

Suemy hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Tangu lini?"

"Tangu Februari."

"Ungeniomba ningekupa, Nidia. Ningekugawia nusu. Ungeniomba tu."

Kesho yake walikwenda kliniki pamoja, wamekaa viti vya mbali kwenye basi. Daktari Zaldívar aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akajifuta uso. Hakuwakemea. Aliwaambia kwamba lazima awatoe wote wawili, na kila kilichoandikwa kwenye madaftari yao hakitahesabiwa. Suemy akasema yeye hakukosea kitu. Daktari akasema anajua. Akawaambia ataomba ruhusa ya kufunguliwa namba zao, kwa kuwa Suemy alikuwa na haki ya kujua alichokuwa akinywa.

Ruhusa ilichukua siku tisa. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: wote wawili walikuwa wamepewa unga uleule wenye dawa. Tangu siku ya kwanza.

Nidia alicheka, kicheko kibaya. Akamwuliza daktari, kama ni hivyo, kwa nini siku za mwenzake zilikuja na zake hazikuja, na kwa nini za mwenzake zikakatika tena. Daktari akajibu kwamba hajui, na kwamba ndiyo maana wanafanya utafiti.

"Basi sikumwibia chochote," Nidia alisema.

"Uliniibia," Suemy akasema. "Wewe hukujua kwamba ni uleule."

Baada ya hapo Suemy alinunua jiko lake la gesi, akaliweka barazani kwake. Daktari Zaldívar alimpangia Nidia vidonge vingine, nje ya utafiti, akawa daktari wa kwanza kumwandikia kitu bila kumtajia uzito. Vidonge vikamtia kichefuchefu. Akavinywa hivyohivyo, akitapika nyuma ya magunia ya mahindi na kurudi kwenye mzani kuhudumia watu.

Kiasi cha mwezi na nusu baadaye, Nidia anaanika nguo, Suemy alitokea mlangoni kwake ng'ambo ya ua. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu watoke kliniki.

"Zimekuja," alisema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia bomba linalovuja. "Bila unga, bila chochote. Nimechoka na mwili huu."

"Zinauma?"

"Sana."

Nidia aliacha nguo kwenye beseni, akaingia jikoni kuchemsha maji ya kumkanda. Suemy hakumwambia aje, wala hakufunga mlango.