Karanga za Mwalimu Zipora

Naapa kwa reli niliyoitumikia mpaka nikastaafu: humu sijatia chumvi hata chembe. Ukiona pamezidi, pamezidi penyewe.

Mwalimu Zipora wa mtaa wa Kikuyu, hapa mjini kwetu, alikuwa mwandishi wa vitabu vya watoto. Enzi serikali inachapa na kugawa, hapakuwa na shule mkoani isiyomjua. Kitabu chake kikubwa kilimhusu msichana aliyetoka Chemba mwaka wa njaa, mdogo wake Mazengo mgongoni, wakifuata chakula mjini. Mimi nilijifunzia kusoma humo, mtu mzima na ndevu zangu, kwenye kibanda cha reli. Ila nakala yangu ililiwa na mchwa kuanzia nyuma, kwa hiyo mwisho wake sikuujua.

Ikaja ruksa, kila mtu na biashara yake. Shirika lililomchapa likafungwa, ghala likauzwa kwa kilo, vitabu vikaishia kufungia karanga. Yeye mwenyewe hakubaki na nakala. Ndipo mchapaji mmoja wa Dar es Salaam akamwambia: lete kitabu kizima, nitakirudisha madukani. Wakati huo kifua kilishamla Zipora, shingo imebaki mishipa. Alichotaka ni kimoja tu, kitabu kitimie kabla yake.

Basi akawa ananunua karanga. Hana meno, lakini ananunua! Kuanzia sokoni mpaka mtaa wa mafundi, Kizota, mimi nyuma yake. Karanga anawamwagia watoto, karatasi anaipeleka nyumbani na kuinyoosha kwa pasi ya mkaa. Kitabu kikarudi hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, kinanuka chumvi na moshi. Ukakosekana mmoja, wa mwisho.

"Mwalimu, si uliandika mwenyewe?" nikamwambia. "Andika tena."

"Ule niliuandika mara moja, mtani. Mara ya pili mkono umekataa."

Nilidhani ni ugonjwa. Akaanza kutema damu, akashindwa kutoka nje. Nami Mnyamwezi wa watu nikaketi, nikautunga ukurasa, nikaupeleka.

"Umepatikana!" nikasema. "Kwa Hana, muuza karanga wa Kizota. Nimemaliza tu kuunakili, mbuzi akaupitia ule wenyewe na karanga zake."

"Mbuzi?"

"Beberu. Alipomaliza akacheua kama anayerudia somo."

Zipora akacheka mpaka nikamshika mabega asianguke. Kisha akavaa miwani, akasoma. Kicheko kikakatika.

"Mazengo amefika mjini."

"Amefika."

"Amekula ugali, amesoma shule." Akanitazama juu ya miwani. "Amekuwa dereva wa treni."

Nikajifanya natazama mlangoni.

"Hanifu, babu yako alibeba mizigo ya watu mpaka hapa akachoka, ukazaliwa wewe wa kubeba uongo. Katika kitabu changu chote, treni umeiona wapi?"

"Nilitaka upate mwisho, Mwalimu."

"Yule msichana ni mimi. Mazengo ni mdogo wangu, tumbo moja. Hakufika."

Nje mtu alikuwa akitwanga. Nikanyoosha mkono niuchukue ukurasa wangu, niuchane. Akauwekea kiganja.

"Mtani akikamatwa analipa."

Ndiyo desturi yetu na Wagogo tangu enzi za misafara. Hugombwi, unatozwa.

"Nakuletea kuku," nikasema. "Basi, mbuzi."

"Mbuzi wako si ameshiba karatasi?" Hakucheka safari hii. Alisukuma kalamu mpaka ikagusa vidole vyangu. "Umemfufua wewe, utamzika wewe. Mimi nilishamzika mara mbili, mara ya kwanza kwa mikono hii."

Akageukia ukutani, akaanza kunitajia, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kwamba dada alimtua mgongoni ampe maji, maji yakamtoka pembeni mwa mdomo. Kwamba alichimba kwa kipande cha kibuyu, ardhi ikakataa, akaokota mawe. Kwamba alipoondoka aliendelea kutembea ameinama, kana kwamba mzigo bado upo.

Nikaandika yote. Nilipofika kwenye jina kalamu ikasimama. Nikaandika "mtoto", nikidhani haoni.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma.

"Futa hapo. Mtoto ana jina."

Nikafuta. Nikaandika Mazengo, nikaweka nukta.