Sahani ya Mbasa

Bi Biubwa alishuka kutoka Mbinga hadi Lipingo kwa lori la kahawa, mwaka ule wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kuinunua. Alikuwa anakwenda na mjukuu wake Hasna kuonana na wakwe wa binti huyo, na moyo haukutulia. Ukweni kwa watu wa ziwa utapewa nini kama si samaki? Na yeye samaki hajamtia mdomoni tangu azaliwe.

Kweli bwana, akaletwa samaki mbasa mzima na ugali wa muhogo. Bi Biubwa akashukuru, akaisogeza sahani pembeni bila neno. Hapo ndipo alipoharibu. Bi Shamimu, mama wa bwana harusi, uso ukamshuka. Akauliza, kwa adabu lakini kwa uchungu, kama watu wa milimani wanakionea kinyaa chakula cha ziwani, huyo binti ataishije hapa. Wanaume wakatazamana. Hasna akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga, maana aliona ndoa yake inaondoka na ile sahani.

Bi Biubwa angeweza kusingizia tumbo. Lakini uongo huo ungefika wapi? Ikabidi aseme jambo ambalo ukoo wake, unaojigamba kwa Uarabu, ulilificha miaka yote.

Akasimulia kwamba bibi yake alikuwa Mjerkesi, wa kabila la Waubikhi, watu wa milima iliyo juu ya Bahari Nyeusi. Warusi walipowashinda, kabila zima lilifukuzwa, likasongamana ufukweni kungoja merikebu za kwenda Uturuki. Njaa na homa zikawaua wengi humo merikebuni, na waliokufa wakatupwa majini. Mama wa bibi huyo alitupwa, na mdogo wake mchanga pia. Bibi mwenyewe akauzwa Istanbul, akauzwa tena Unguja, akafanywa suria wa Mwarabu. Lugha yake aliisahau. Kitu kimoja tu aliwarithisha wanawe: wasile samaki, kwa sababu samaki walikula watu wao.

"Bibi yangu alinunuliwa," akasema Bi Biubwa. "Sasa mmejua."

Bi Shamimu alikuwa anatazama ziwa.

"Mwanangu Abdulhamid yumo humo," akasema. "Alizama na mtumbwi wake, hatukumpata. Kila siku napika samaki, nakula, na kila tonge linanikwama. Sikujua kumbe mtu anaweza kukataa."

Akaondoa mbasa mwenyewe, akaleta maharage. Wakala sahani moja, wanalia, na Hasna akawanawisha mikono wote wawili.