Shahidi wa Mzee Yahya

Kila tarehe kumi na mbili Januari, Mzee Yahya, fundi cherehani wa nyuma ya msikiti mjini Machakos, alifunga kibanda chake, akavaa suti ya kaki aliyojishonea mwenyewe na kuwapikia majirani pilau. Hakuna mwingine mji mzima aliyeadhimisha Mapinduzi ya Zanzibar, na hilo halikumkosesha usingizi. Majirani walifika mapema, maana kwanza ilikuwa lazima wapige gwaride uani, mafagio begani, kisha wasikilize jinsi Yahya, kijana wa miaka kumi na saba, alivyovamia kambi ya polisi mwaka wa sitini na nne akiwa na panga tu. Kila mwaka maaskari aliowashinda walizidi kuongezeka. Wangekuwa wengi hivyo kweli, kisiwa kingezama.

Mwaka huo wa 2004 Mapinduzi yalitimiza miaka arobaini, na siku mbili kabla ya sherehe, bila taarifa, dada yake Safiya akateremka kutoka Unguja na kikapu cha karafuu. Yahya alifurahi mpaka akakumbuka jambo moja. Safiya ndiye mtu pekee aliye hai aliyejua alikokuwa usiku ule.

Siku mbili nzima alitafuta namna ya kumwomba anyamaze, ulimi ukagoma. Akajaribu kumtuma mji jirani wa Mlolongo akawasalimie wakwe.

"Niache pilau?" Safiya akasema. "Thubutu!"

Basi gwaride likapigwa. Yahya alipofungua kinywa kuanza hadithi yake, Urbanus mwenye bucha akamkata kauli.

"Aiiya, ngoja mzee! Leo tuko na shahidi. Mama, tuambie, huyu alichapa maaskari wangapi?"

"Maaskari?" Safiya alishangaa. "Kaka alikuwa chini ya kitanda."

Ua mzima uliangua kicheko. Yahya alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na suti yake. Heshima ya miaka ishirini ilikuwa imekwenda na maji.

"Na mimi nilikuwa ubavuni mwake," Safiya aliendelea, kana kwamba hakusikia vicheko. "Nilikuwa na miaka sita. Baba alikuwa safarini Pemba. Bunduki zilipoanza, kaka aliniziba masikio kwa viganja vyake mpaka jua likachomoza. Mikono ilimtetemeka, lakini hakuiondoa. Yeye alisikia yote, mimi sikusikia kitu. Kaka, sijawahi kukwambia ahsante. Ndicho kilichonileta."

Urbanus alishusha fagio taratibu. Yahya aliona haya, akaona raha, vyote kwa pamoja, na machozi yakamlengalenga mbele za watu. Alijaribu kufunga kifungo cha koti ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

"Nilijikojolea pia," akasema. Hilo hakuwahi kumwambia hata mkewe.

"Najua, kaka," Safiya akajibu. "Tulilowa sote wawili."