Kifundo cha Miguuni na Ndege ya Moshi

Usiku wa jana niliota. Kabla ya kusimulia namtaja kwanza Mola aliyeufanya usingizi kuwa pumziko na mauti kuwa marejeo, na namswalia Mtume wake, ili ulimi usinipeleke mahali pasipo pangu.

Wanaohusika nawapanga mapema, msomaji asije akawatafuta njiani. Mimi ni Shekue bin Nasoro, mwenye kuosha na kukafini maiti katika msikiti wa mtaa wetu hapa Tanga. Marehemu ni mdogo wangu Mbaruku, fundi wa karakana ya ndege ndogo, tuliyemzika juzi alasiri. Mjane wake ni Bi Mwanashehe, naye yumo edani. Waliobaki humu ni vitu, na vilisema ndotoni tu.

Mbaruku aliishi kwa shauku moja, kuifanya ndege iwe nyepesi. Alikuwa akinieleza kwamba kila uzito unaoondolewa kwenye mwili wa ndege hurudi kama mafuta yaliyookolewa, au kama mgonjwa mmoja zaidi aliyepakiwa. Aliisifia nguo ya nyuzi za kaboni iliyogandishwa kwa gundi, nyepesi kuliko bati na ngumu kulishinda. Hata wodini alikolazwa, siku ya mwisho niliyomwona akicheka, alinionyesha kitu alichokiita moshi ulioganda. Kilikuwa kipande cha samawati hafifu, karibu chote hewa tupu, mfano wa moshi wa udi uliokatazwa kuondoka. Joto halipiti ndani yake, alisema. Alikidondoshea maji, yakabingirika kama juu ya jani la myugwa.

Nilipotaka kukigusa alikiondoa.

"Vumbi lake likikushika, Kaka, maji hayafiki kwenye ngozi. Utashindwa kutawadha, kisha utanilaumu mimi."

Kipande kikarudishwa kisandukuni, na kisanduku kimo chumbani kwa mjane mpaka leo. Sikukigusa.

Sasa lipo linalonikosesha raha. Sanda hufungwa vifundo kichwani, kiunoni na miguuni. Maiti akishalazwa katika mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi linalofunikwa kwa mbao, aliyeshuka naye kaburini huvifungua vyote, ili asilale amefungwa. Niliyeshuka ni mimi, na mvua ilishuka pamoja nami. Nakumbuka kufungua kichwani. Nakumbuka kiunoni. Miguuni sikumbuki. Nilipoinua macho, mbao zilikuwa zimekwisha pangwa na mikono ya watu inanivuta juu. Niliona haya kuuliza.

Katika ndoto, basi, nimesimama penye kitanda cha kuoshea maiti, nacho kipo katikati ya njia ya kurukia ndege. Sioni ajabu. Mbele yangu ipo ndege ya moshi ulioganda, mbavu zake za nyuzi za kaboni, inaonekana pale inapopenda kuonekana. Ndani amelala Mbaruku na sanda yake.

Mlangoni imesimama mizani iliyovaa koti. Ilitangulia kunihakikishia kwamba yenyewe si ile ya Siku ya Hesabu, ni ya karakana tu, nisiipe heshima isiyo yake.

"Abiria huyu haruki," inasema. "Ana uzito usiojieleza."

Kanuni yao, ilinifahamisha, ni kwamba kila kinachopanda sharti kiseme kwa nini kipo. Kisichoweza kusema hutobolewa kwa keekee mpaka ibaki ile sehemu ya lazima. Rubani alikwisha pitia kanuni hiyo, akabaki kofia. Kofia ilinitolea salamu, nami nikaitikia.

Ukutani limeegemea bati kuukuu la alumini.

"Sheikh, mimi nilikuwa bawa," linasema. "Wakaja hawa wa nyuzi. Leo naezekea banda la kuku, na kuku wenyewe wananilalamikia joto."

Nikaliambia lisubiri, kwani mwenye kusubiri ana malipo yake.

"Hata kuku waliniambia hivyo," likajibu, likageukia ukuta.

Mizani inaniuliza nimebeba nini. Kanzu yangu inajieleza kwamba inasitiri. Tasbihi inajieleza kwa kirefu, mpaka mizani inaiomba ipumzike. Inabaki simanzi, ambayo naona kuwa nimeishika katika kiganja cha kulia. Inaulizwa kwa nini ipo. Haina jibu. Keekee linashuka, linaitoboa na kiganja pamoja. Damu haitoki. Mkono unakuwa mwepesi hata naushika kwa mkono wa pili usipande peke yake.

Kupitia tundu lile naona uwanja umekuwa ua wa nyumba ya marehemu. Wanawake wameketi mkekani wanasoma, na ndege imeegesha bawa juu ya dirisha la jikoni. Bi Mwanashehe anainua kichwa.

"Shemeji, tumesoma, tumelia, tumenyamaza. Mbona bado yupo mlangoni? Silali kwa kumsikia anataka kuondoka na haondoki."

Naukaribia ubavu wa ndege, naweka kiganja kizima juu yake, na Mbaruku anaweka chake upande wa ndani. Baina yetu hakuna hata unene wa mkate wa kumimina. Joto lake halinifikii, wala langu halimfikii. Hiyo ndiyo sifa ya moshi ule, na yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza.

"Kaka, umenifunga," anasema. Hasemi kwa lawama. Ni kama fundi anayetaja skrubu.

"Wapi?"

"Miguuni. Ungekuja karakana tungekuajiri. Kifundo hiki hakilegei."

Ndege ikaingilia kati, kwa sauti isiyo na uzito. Ilisema kwamba yenyewe ni nyepesi lakini ni kavu, huvunjika upesi, na ikivunjwa ukuta haitaruka tena. Kinachoweza kupenya bila kuivunja ni kile kilicho chepesi kama yenyewe.

Basi natia mkono uliotobolewa. Ukuta unaupokea kama moshi unavyopokea mkono jikoni. Nakipapasa kifundo, nakikuta kimelowa kwa mvua ileile ya juzi, kimekaza kama jiwe. Lakini vumbi la ule moshi limenijaa vidoleni, na kila ninapokigusa maji yanakikimbia, tone baada ya tone. Kinakauka. Kinalegea. Kinafunguka.

Mizani inavua koti na kuondoka.

Ndege inaanza kupanda bila ngurumo, na hapo ndipo nilipofahamu nimefanya nini. Nilitamani nikifunge tena. Nanyoosha mkono, nao hauna kitu cha kushika.

"Usikae mvuani, Kaka," anasema Mbaruku kutoka juu, na mvua inaanza.

Niliamshwa na adhana ya alfajiri. Chumba kilikuwa kikavu na kitanda kilikuwa changu. Nikaenda bombani, nikamimina maji katika kiganja cha kulia, na maji yakabingirika, yakaniponyoka kama juu ya jani la myugwa. Nikamimina tena, yakakataa tena. Ngozi ilikuwa kavu, na katika mistari ya kiganja mlikuwa na vumbi la samawati hafifu.

Sheria naijua. Maji yasipofika kwenye ngozi hakuna udhu, na bila udhu hakuna sala. Sabuni ilikuwa palepale. Hata hivyo nilisimama muda mrefu, bomba likitiririka, kwa kuwa nilidhani nimekwisha mwosha ndugu yangu, na kumbe alibaki kiasi hicho kiganjani. Nikanuia, nikasugua taratibu kama ninavyowasugua maiti wenzake, mpaka maji yakakubali.

Ewe Mola, mpokee Mbaruku akiwa mwepesi, usimuulize zaidi ya anavyoweza kujieleza. Mpe Bi Mwanashehe usingizi. Wahifadhi wanaopanda angani ndani ya vitu vyembamba, na mafundi wanaovijenga. Na sisi tuliobaki na uzito wetu huku chini, tujaalie siku ya kushushwa tupate mkono usioharakishwa na mvua, utakaokumbuka miguuni. Amin.