Mchinjaji Asiyeweza Kuiona Damu Yake

Saverio alikuwa mchinjaji, mtoto wa mchinjaji, na mkono wake ulikuwa hautetemeki. Aliangusha nguruwe wa kilo mia mbili huku akisimulia mechi ya Jumapili, na damu ikimrukia usoni aliipangusa kwa kiwiko akaendelea na bao la pili. Kijiji kizima, pale juu milimani Calabria ambako huwezi kupiga chafya bila mtu wa mtaa wa pili kukuombea afya, kilimjua hivyo. Kisichojulikana ni kwamba Saverio akiiona damu yake mwenyewe, hata tone la kujikata wakati wa kunyoa ndevu, masikio yanaanza kulia, macho yanaingia giza, na lile pande la mtu linakwenda chini kama gunia la viazi.

Watu wawili tu walikuwa na siri hiyo. Mmoja ni mkewe Nunziata, aliyemkuta sakafuni bafuni wiki ya kwanza ya ndoa akadhani ameshakuwa mjane. Wa pili ni Micuzzo, kaka yake Nunziata, fundi bomba, mtu wa maneno mengi ambaye kwa jambo hili moja alifunga mdomo, sijui kwa msaada wa nani mbinguni.

Mama yake hakujua. Na huyo ndiye aliyepaswa kujua kuliko wote.

Mama Ippolita alikuwa mjane wa mtu aliyejipiga Pasaka thelathini na moja. Pale kijijini, mwanamume mwenye nadhiri hutoka Jumamosi Kuu peku, kaptura nyeusi, taji la miiba kichwani, amefungwa kamba kiunoni pamoja na mwenzake anayebeba chupa ya divai. Mkononi ana vipande viwili vya gome la mti wa vizibo. Kimoja ni laini, wanakiita waridi, cha kuipasha miguu moto. Kingine kimepachikwa vigae vya chupa kwa nta, wanakiita mwiba. Anajipiga mapaja na mashavu ya miguu, mwenzake anammiminia divai kwenye vidonda, na damu anaiacha kwenye mlango wa kanisa na kwenye milango ya watu wake. Hakuna anayemlazimisha. Ni ahadi kati yake na Mama wa Mateso.

Ila ahadi ya Saverio hakuitoa Saverio.

Mwezi wa Novemba binti yake Lucrezia, miaka minne, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Siku nane mtoto hakufumbua macho. Siku ya nane Mama Ippolita alipiga magoti kwenye korido ya hospitali, mbele ya wauguzi na nusu ya kijiji waliokuja na vyakula, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngazi: "Nirudishie mjukuu wangu, na mwanangu Saverio atakutolea damu yake Jumamosi Kuu!" Siku ya tisa mtoto aliamka akaomba viazi vya kukaanga.

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Paroko alimpa Saverio mkono. Wazee wa kwenye baa walimnunulia kahawa.

"Mama," Saverio alimwambia siku ile, "si ungeahidi mshumaa?"

"Mshumaa? Kwa mtoto mzima? Wewe ungemuuza mtoto wako kwa mshumaa?"

Angesema pale pale, yangeishia kwenye kicheko cha wiki mbili. Lakini mwanaume mwenye bucha anaona aibu kusema "naogopa damu", hata kwa aliyemzaa. Na kulikuwa na jambo lingine baya zaidi ya aibu: Saverio aliamini. Aliamini kwamba mtoto alirudishwa kwa ahadi ile, na kwamba kilichorudishwa kinaweza kuchukuliwa tena. Majira yote ya baridi, Lucrezia akikohoa usiku, baba mtu alikaa kitandani roho mkononi, akihesabu wiki zilizobaki. Alitaka kulipa. Mwili wake ndio uliokataa.

Jumatatu ya Wiki Kuu alijifungia gereji na mwiba wa marehemu baba yake. Alijipasha miguu kwa waridi mpaka ikawa myekundu, akafumba macho, akajigusisha mwiba kidogo tu kwenye paja. Kisha akafanya kosa la kufumbua macho. Nunziata alimkuta amelala chini kati ya baiskeli na madumu ya mafuta ya zeituni.

"Mwambie mama yako," Nunziata alisema, akimpiga vibao vya mashavu.

"Nimwambie nini? Nadhiri yake nimeipeleka gereji ikazimia?"

"Basi jipige umefumba macho."

"Nitaisikia inatiririka, Nunzia. Nikiisikia tu, nimekwisha."

Micuzzo ndiye aliyeleta akili, na akili za Micuzzo zilishawahi kufurikisha maji nyumba tatu. Alikuja Alhamisi bucha ikiwa imejaa wanakondoo wa Pasaka, akatazama ndoo chini ya ndoano, akatazama shemeji yake, akafunga mlango.

"Shemeji, wewe unatafuta damu, na hapa unaogelea ndani yake."

"Ya mwanakondoo?"

"Mimi ndiye nabeba chupa. Nusu divai, nusu hiyo. Mwiba nakutengenezea mwingine, vigae vya plastiki, hata mtoto mchanga haviwezi kumkata. Wewe piga, mimi namimina."

"Micuzzo, ile ni nadhiri! Unataka nimdanganye Mama wa Mateso?"

"Kwani mwanawe tunamwitaje kanisani kila Jumapili? Mwanakondoo. Hatakasirika."

Saverio alimtukana. Alimfukuza. Kisha akamkumbuka Lucrezia na kikohozi chake, akaikumbuka Jumamosi iliyobaki siku mbili na kijiji kizima kinachomngoja, akaona hana pa kutokea. Akatia siki kwenye ndoo ili damu isigande.

Jumamosi asubuhi walitoka. Kamba ilikuwa imembana kiuno, na kila alipotaka kuharakisha, Micuzzo aliivuta. "Polepole. Unajipiga, huendi posta." Njia zenyewe zilikuwa nyembamba, watu wamebanana ukutani pande zote mbili, simu zimeinuliwa juu. Saverio alipiga, Micuzzo akamimina, nyekundu ikashuka mpaka kwenye vidole vya miguu na kwenye mawe ya barabara. Wanawake walilia. Bibi kizee mmoja alimbusu bega akasema, "Baba yako kabisa!" Saverio akatamani ardhi imeze watu wote wale, au immeze yeye, yoyote tu. Hakuzimia. Ndiyo kwanza alisimama imara, na hilo ndilo lililomchoma: miguu yake ilijua kabisa kwamba hii si damu yake.

Kwenye mlango wa kanisa alishindwa kuinua macho kwenye sanamu ya Mama wa Mateso. Alitazama misumari ya mlango.

Kisha wakafika kwenye mlango wa nyumba yake. Mama Ippolita alikuwa amesimama kizingitini, nguo nyeusi, soksi nyeusi, amembeba Lucrezia kiunoni. Saverio akapiga mara tatu, kama desturi. Bibi akainama, akachovya kidole kwenye paja la mwanawe, akamchora mjukuu msalaba kwenye paji la uso. Mtoto akacheka kwa sababu ilimtekenya. Saverio aliona ile nyekundu kwenye uso wa mwanawe. Mpaka dakika ile alikuwa anajiambia kwamba uongo wake unamhusu yeye peke yake.

"Ingia nikuoshe," alisema mama yake.

Mpango ulikuwa Nunziata ndiye amwoshe. Nunziata akajipenyeza haraka. "Niachie mimi, mama. Na magoti yako hayo."

"Magoti yangu yana nini? Nimemwosha baba yake miaka thelathini na moja. Nyie mshikeni mtoto." Akamfungua mwanawe kamba, akamwingiza jikoni, akafunga mlango.

Beseni lilikuwa tayari, maji ya moto na rozimari. Nje watu walikuwa wanaongea kwa furaha, mtu anafungua chupa. Saverio alikalia kigoda akatazama dirisha, na dirisha la jikoni lile lina nondo.

"Mama, najiosha mwenyewe."

"Kaa."

Alilowesha kitambaa akaanza na mguu wa kulia. Nyekundu ikayeyuka ndani ya beseni. Chini yake ngozi ilitokea nyeupe, nzima, haina hata mkwaruzo, isipokuwa kidoa kimoja kikavu pale alipojigusa Jumatatu. Mama Ippolita akafuta mguu wa kushoto. Mzima nao. Akakisogeza kitambaa puani. Alikuwa ameolewa na bucha maisha yake yote, hakuna wa kumfundisha harufu ya siki.

"Kondoo?"

"Mwanakondoo."

"Wa lini?"

"Wa Alhamisi."

Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu, karibu na beseni. Saverio akaanza kuongea ovyo, maneno yote ya miezi mitano yakatoka kwa pamoja. Kwamba akiiona yake anaanguka. Kwamba amejaribu. Kwamba ni tangu utotoni, tangu alipochanika goti kwenye ngazi za kanisa, akamdanganya baba yake kuwa ni jua kali. "Nilitaka kulipa, mama. Haki ya Mungu nilitaka. Mwili haukubali."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Alikuwa na uso mkali siku zote yule mama, uso wa kupimia watu nyama, na Saverio alingoja kofi. Angelipenda lile kofi. Halikuja.

"Kweli," alisema. "Sikukuuliza."

Akainuka kwa kushika ukingo wa meza, akavuta droo kutafuta taulo. Mwiba wa marehemu ulikuwa humo, ambapo Saverio aliuficha Jumatatu, vigae vyake vyote kumi na tatu. Aliushika. Akaugeuzageuza kiganjani.

"Geuka ukutani."

"Mama, unafanya nini?"

"Nimesema geuka. Usiangalie."

"Wanawake hawajipigi, mama! Leta hapa, nitajipiga mimi, nizimie, shauri yangu!"

"Wewe umeshajipiga. Kijiji kizima kimeona." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayegawa kazi za nyumbani. "Ahadi niliitoa mimi. Niliitoa kwa damu ambayo si yangu, nikajiona mtu wa imani. Geuka."

Akageuka. Nimesema alikuwa mtu mzima mwenye bucha na mke. Mbele ya sauti ile alikuwa wa miaka sita. Alisikia sketi ikipandishwa. Alisikia pigo moja, kavu, kama mtu anayepiga kofi donge la unga. Halafu pumzi ndefu.

"Kumbe ni ya moto," alisema mama yake.

Miaka thelathini na moja alikuwa ameifuta damu kwenye miguu ya mtu mwingine, imeshapoa. Alilisema neno lile kwa mshangao, karibu kwa aibu, na Saverio akaweka paji la uso ukutani akalia bila sauti, kwa sababu nje walikuwa wanamwita jina lake.

Alipoambiwa ageuke, mama yake alikuwa ameshajifunga kwa taulo na kupandisha soksi nyeusi. "Vaa suruali. Maandamano yanapita."

Wakatoka. Desturi ni hiyo: ukishaoshwa unavaa nguo nzuri, unaifuata sanamu kama mtu yeyote. Watu walimkumbatia Saverio. "Mtazameni, anatembea kama hajaguswa!" Mama Ippolita alimshika mkono wakaingia kwenye mstari, Nunziata mbele, Lucrezia amekaa mabegani kwa Micuzzo na msalaba umekauka kwenye paji lake.

Njia ya kwenda kanisani ni ya kupanda. Kwenye kona ya tatu mama alianza kuchechemea.

"Magoti, Ippolita?" aliuliza jirani mmoja. "Si ukae, uzee huo!"

"Magoti," alijibu.

Saverio akainamisha kichwa, na hapo akaona. Soksi nyeusi ilikuwa inang'aa kwa unyevu kuanzia goti kwenda chini. Kila kiatu cha kushoto kilipoinuka, jiwe lilibaki na alama nyekundu, na watu wa nyuma waliikanyaga bila kujua, kwa sababu siku ile mawe yote yalikuwa na damu. Masikio yake yakaanza kulia. Hali hii haikuwahi kumtokea kwa nguruwe, haikumtokea kwa wanakondoo, wala kwa binadamu yeyote aliyeumia mbele yake. Sasa ilikuwa inamtokea, ile ile ya bafuni na ya gereji, giza likiingia pembeni mwa macho, mwili ukiyumba.

"Shikeni! Shikeni!" mtu alipiga kelele. "Maskini, ametoka damu nyingi!"

"Mpeni hewa!"

Mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, mtaa mzima ukamshangilia. Lucrezia aligeuka juu ya mabega ya mjomba wake kuona kuna nini. Mama Ippolita alipitisha mkono kiunoni kwa mwanawe, kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi.

"Usianguke," alimnong'oneza. "Mtoto anakuangalia."

"Siwezi, mama."

"Niegemee."

Akamwegemea. Alimwegemea kwa uzito wake wote, upande wa kushoto, na mama yake akapanda naye hatua kwa hatua mpaka kanisani, huku watu wakipiga makofi.